Haki ya Kueleweka

Mwaka 1907 watu zaidi ya milioni moja walipita katika kisiwa cha Ellis, kwenye mlango wa bandari ya New York, wakiomba kuingia Marekani. Wengi walikuwa abiria wa daraja la chini, waliovuka Atlantiki wakiwa wamebanana tumboni mwa meli. Walishushwa na mizigo yao, wakapandishwa ngazi hadi ukumbi mkubwa, na walipokuwa wakipanda madaktari waliwakazia macho: nani anahema, nani anachechemea, nani macho yake mekundu. Aliyetiliwa shaka alichorwa herufi kwa chaki kwenye koti akavutwa pembeni. Waliobaki walisogea kwenye foleni hadi kwa mkaguzi aliyekaa na orodha ya abiria wa meli mbele yake, mkalimani akiwa ubavuni. Jina lako nani? Unakwenda kwa nani? Kazi gani unaijua? Una fedha kiasi gani?

Mmoja wa wakalimani hao alikuwa Fiorello La Guardia. Alizaliwa New York mwaka 1882, baba yake Mwitaliano, mama yake Myahudi wa Trieste. Kabla ya kufika kisiwani alikuwa ameajiriwa katika ofisi za ubalozi wa Marekani huko Budapest na Fiume, na huko ndiko alikokusanya lugha: Kiitaliano, Kijerumani, Kikroatia. Kuanzia 1907 hadi 1910 alikalimani mchana na kusoma sheria usiku. Baadaye akawa mbunge, kisha meya wa New York kuanzia 1934 hadi 1945, na hata leo kuna uwanja wa ndege wa jiji hilo wenye jina lake. Lakini kazi ya kisiwani ilimwachia kidonda. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1948 baada ya kifo chake, anaeleza kwamba kilichomuumiza zaidi ni kuitwa awakalimanie wagonjwa waliodhaniwa kuwa na wazimu. Aliamini mpaka mwisho kwamba zaidi ya nusu ya waliorudishwa makwao kwa kisingizio cha ugonjwa wa akili walionewa: hawakueleweka, wala madaktari hawakujua mtu wa kwao huwaje akiwa mzima.

Anamtaja binti mmoja kutoka milima ya kaskazini mwa Italia. Lahaja yake hakuna aliyeielewa sawasawa. Akiulizwa alisitasita, kwa kuwa swali lenyewe hakulielewa, na kusitasita kwake kukaandikwa kuwa dalili. Akapelekwa hospitali ya kisiwani kuchunguzwa. Alikuwa msichana aliyelelewa kwa kulindwa, hajawahi kuachwa peke yake na mwanamume, na ghafla daktari akamgonga magoti, akamfunua macho, akamgeuza kumpima hisia za mgongo. Akapigana. Wiki mbili baadaye, anasema La Guardia, binti aliyeshuka melini akiwa timamu alikuwa amerukwa na akili kweli.

Tukio hilo ndilo hasa kiini cha historia ninayotaka kuisimulia. Wakalimani kisiwani walikuwapo, tena wengi na hodari. Serikali iliwalipa. Lakini iliwalipa ili wamsaidie mkaguzi kuamua nani aingie na nani arudi. Mkalimani alikuwa chombo cha mwenye meza. Yule aliyesimama mbele ya meza hakuwa na haki yoyote ya kueleweka. Akieleweka, ilikuwa bahati yake. Ilichukua zaidi ya nusu karne kwa sheria ya Marekani kuanza kumtazama mkalimani kutoka upande wa pili wa meza, na kila hatua ya safari hiyo ilianza kwa mtu fulani kudhulumiwa.

Si kwamba nchi hiyo ilizaliwa na Kiingereza peke yake. Wakati wa vita vya uhuru, bunge la makoloni lilichapisha baadhi ya nyaraka zake kwa Kijerumani, kwa sababu Pennsylvania ilijaa wakulima wa Kijerumani ambao bila wao vita visingepiganwa. Louisiana iliendesha sheria zake kwa Kifaransa na Kiingereza. Katiba ya kwanza ya California, ya mwaka 1849, iliagiza sheria zote zitangazwe kwa Kiingereza na Kihispania, maana jimbo lilikuwa limetwaliwa kutoka Mexico mwaka mmoja tu kabla. Miaka 30 baadaye, wachimba dhahabu na walowezi walipokwisha kuwafunika wenyeji kwa wingi, katiba mpya ya 1879 ikalifuta sharti hilo. Nyaraka zilifasiriwa pale tu ambapo waliofasiriwa walikuwa na nguvu, na nguvu zilipokwisha, tafsiri nayo ikaisha.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na lugha ya kigeni ikageuka ushahidi wa usaliti. Tarehe 23 Mei 1918 gavana wa Iowa, William Harding, alitoa tangazo la kupiga marufuku lugha yoyote isiyo Kiingereza katika shule, katika hotuba za hadhara, ndani ya treni, hata kwenye simu. Wasiojua Kiingereza waliambiwa wamwabudu Mungu wao nyumbani. Wajerumani ndio waliolengwa, lakini marufuku iliwakumba pia Wadenmaki, Wanorwe na Wacheki waliokuwa na watoto wao vitani wakipigana upande wa Marekani. Wanawake wa mashambani walitozwa faini kwa kuzungumza Kijerumani kwenye simu. Tangazo hilo lilidumu miezi michache tu, lakini chuki iliyolizaa haikuondoka nalo. Huko Nebraska mwalimu Robert Meyer alitozwa dola 25 kwa kumfundisha mtoto wa miaka 10 hadithi za Biblia kwa Kijerumani. Aligoma kulipa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1923 akashinda. Majaji walisema katiba inawalinda pia wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Hukumu hiyo ilimzuia gavana au bunge la jimbo kumfunga mtu mdomo. Kumsikiliza lilikuwa jambo jingine, na halikuamuliwa siku hiyo.

Mwaka uliofuata, 1924, Marekani iliweka viwango vikali vya kuingiza wageni, na kwa miaka 40 swali la lugha likapoa kwa sababu wageni wenyewe walipungua. Lililolifufua ni vuguvugu la watu weusi. Tarehe 2 Julai 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia, na ndani yake mna Sehemu ya Sita, maneno machache tu: asibaguliwe mtu kwa rangi, kwa asili ya kizazi wala kwa nchi alikotoka, katika shughuli yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Waliopigwa mabomba ya maji na kung'atwa na mbwa wa polisi huko Birmingham mwaka 1963 walikuwa wakidai viti vya mikahawa, shule na kura; hawakuwa na mkalimani akilini. Neno lugha halimo katika Sehemu ya Sita. Hata hivyo msingi wa kila karatasi iliyofasiriwa na kila simu ya ukalimani iliyolipiwa na serikali tangu hapo uliwekwa na watu hao, na mhamiaji wa leo anayepewa mkalimani bure anapaswa kujua anamdai nani shukrani.

Miaka miwili baada ya sheria hiyo, huko Riverhead, jimbo la New York, ugomvi ulizuka katika nyumba waliyoishi vibarua wa kufungasha viazi, mtu mmoja akafa. Aliyekamatwa ni Rogelio Negron, kijana wa Puerto Rico aliyesoma hadi darasa la sita, asiyejua Kiingereza. Alikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, kama walivyo watu wote wa kisiwa chake. Mwaka 1967 alishtakiwa kwa mauaji. Wakili aliyepewa na mahakama hakujua Kihispania, kwa hiyo mtu na wakili wake walikaa meza moja bila ya kuweza kusemezana. Mkalimani alikuwapo, lakini alikodiwa na upande wa mashtaka. Kazi yake ilikuwa kuwageuzia jaji na raia wa baraza la mahakama maneno ya Kihispania yawe Kiingereza. Kiingereza kuwa Kihispania, kwa ajili ya mshtakiwa, hakuna aliyekuwa na wajibu wa kufanya hivyo. Kati ya mashahidi 14 wa serikali, 12 walitoa ushahidi kwa Kiingereza, na Negron akawa anatazama midomo ikicheza. Mara mbili katika kesi nzima, wakati wa mapumziko, mkalimani alikaa naye kwa dakika 10 hadi 20 akamweleza kwa muhtasari yaliyosemwa. Kwa dakika hizo chache alitakiwa amwambie wakili wake kama shahidi fulani amesema uongo, wakati shahidi alikwisha kuondoka. Alihukumiwa kifungo cha kuanzia miaka 20 hadi maisha.

Oktoba 1970 mahakama ya rufaa ya serikali kuu jijini New York iliidhinisha kutenguliwa kwa hukumu hiyo. Aliyeandika uamuzi alikuwa Jaji Irving Kaufman, ambaye karibu miaka 20 kabla aliwahukumu kifo Julius na Ethel Rosenberg na hakuwa mtu wa kusifiwa kwa huruma. Lakini hapa aliandika jambo lililo wazi: mtu asiyeelewa kinachosemwa katika kesi yake hayumo katika kesi hiyo, hata kama mwili wake umeketi kizimbani. Jaji anapoona mshtakiwa ana shida kubwa ya lugha, lazima amwambie kwamba ana haki ya mkalimani, na kama hana fedha serikali ilipe. Kwa maneno mengine, mkalimani alihamishwa kiti. Miaka minane baadaye, Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alitia saini Sheria ya Wakalimani wa Mahakama, na mahakama za serikali kuu zikaanza kuwapima wakalimani kwa mtihani, kwanza wa Kihispania, baadaye wa Kinavajo na Kikrioli cha Haiti.

Wakati kesi ya Negron ikiwa bado mahakamani, ng'ambo ya pili ya nchi, wazazi wa Kichina wa San Francisco walikuwa na shauri lao. Mjini humo walikuwamo wanafunzi 2,856 wenye asili ya Kichina wasiojua Kiingereza. Karibu 1,000 walipata masomo ya kuwasaidia. Wengine, takribani 1,800, waliketi darasani siku nzima, mwaka mzima, wakisikiliza mwalimu wasiyemwelewa. Mwaka 1970 wakili kijana, Edward Steinman, alifungua kesi kwa jina la mtoto wa miaka sita, Kinney Lau, na wenzake. Bodi ya shule ilijibu kwa hoja ambayo mpaka leo haijazeeka: watoto wote wamepewa shule ileile, kitabu kilekile na mwalimu yuleyule, ubaguzi uko wapi? Mahakama mbili za chini zilikubaliana na bodi. Tarehe 21 Januari 1974 majaji wote wa Mahakama ya Juu, bila hata mmoja kupinga, walikataa. Jaji William Douglas aliandika kwamba kumpa kitabu mtoto asiyeweza kukisoma ni kumfungia mlango wa elimu, na usawa wa vifaa hauwezi kuitwa usawa. Majaji hawakuitazama katiba. Waliegemea Sehemu ya Sita peke yake. Kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha yake, walisema, ni kumbagua kwa alikotoka. Kuanzia siku hiyo hospitali, ofisi ya ustawi wa jamii, idara ya nyumba na kituo cha polisi, kila mahali panapoingia fedha za serikali kuu, palikuwa na wajibu, hata kama hapakuwa na aliyewasimamia kuutimiza.

Kura nazo zilifuata mwaka 1975. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilipanuliwa ili maeneo yenye raia wengi wasiojua Kiingereza vizuri yachapishe karatasi za kura kwa lugha zao. Barbara Jordan, mbunge mweusi kutoka Texas, alilipigania jambo hilo kwa ajili ya Wamexico wa jimbo lake. Lakini sheria iliyataja makundi manne kwa jina: wenye asili ya Kihispania, Waasia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska. Afrika haimo. Mwaka 1975 wahamiaji kutoka Afrika walikuwa wachache, na pengine hakuna aliyewafikiria. Nusu karne imepita na orodha haijabadilika. Raia wa Marekani waliozaliwa Uvira, Kongo, au Mogadishu, Somalia, hata wakiwa 50,000 katika kaunti moja, sheria hiyo haiwapi karatasi ya kura kwa lugha yao.

Kilichokosekana baada ya ushindi wa mahakamani kilikuwa njia. Kituo cha polisi cha mji mdogo kitampata wapi mkalimani wa Kivietinamu saa tatu usiku? Jibu lilikuja kwa simu, chombo kilekile ambacho gavana wa Iowa alitaka kisipitishe lugha ya kigeni. Australia ilitangulia: mwaka 1973 serikali yake ilianzisha huduma ya ukalimani kwa simu kwa ajili ya wahamiaji. Marekani wazo hilo lilianzia chini. San Jose, California, ilikuwa imepokea wakimbizi wengi wa Kivietinamu baada ya Saigon kuanguka, na askari polisi wa mji huo, Jeff Munks, alichoka kufika kwenye tukio na kushindwa kujua nani amempiga nani. Mwaka 1982 yeye na mwenzake, Michael McFerrin, walianzisha laini ya simu yenye wakalimani wa kujitolea. Baadaye ikanunuliwa na kampuni kubwa ya simu, na ukalimani wa serikali ukawa biashara inayolipwa kwa dakika.

Jinsi simu hiyo inavyofanya kazi inafaa kuonwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo haki inapopatikana au kupotea. Mama wa Kikongo amefika hospitali ya Louisville, Kentucky, na mtoto mwenye homa. Muuguzi anapiga namba, anataja lugha, anasubiri. Mkalimani anaitika, pengine yuko nyumbani kwake majimbo manne mbali. Anajitambulisha kwa namba, si kwa jina. Simu inawekwa mezani na sauti kufunguliwa. Muuguzi anamwambia mama, "Homa ilianza lini?" na mkalimani anasema hivyohivyo kwa Kiswahili. Mama akijibu, mkalimani hasemi "anasema kwamba". Anasema "mimi", kana kwamba ndiye mama. Haruhusiwi kupunguza neno, kushauri, wala kumtuliza. Lakini kwa kuwa hamwoni mama, haoni kwamba mama ameinua kichwa cha mtoto kuonyesha shingo ilivyokakamaa. Na Kiswahili chake kinaweza kuwa cha Mombasa au Dar es Salaam, wakati mama ni wa Fizi, mashariki mwa Kongo, lugha yake ya nyumbani Kibembe, Kiswahili chake cha sokoni na kanisani. Watoto wake waliozaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mkoani Kigoma, Tanzania, mwaka 1996, wanamwelewa mkalimani bila shida. Yeye anaitikia "ndiyo" kwa heshima. Muuguzi anaandika kwamba mgonjwa ameelewa.

Na pasipo na simu hiyo, kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na watoto. Mtoto aliyejifunza Kiingereza shuleni kwa mwaka mmoja alimfasiria baba barua ya kufukuzwa nyumbani, na alimfasiria mama maneno ya daktari kuhusu kizazi chake. Kanuni za afya zilizotolewa mwaka 2016, chini ya sheria ya bima ya afya ya Rais Barack Obama, zilikataza hospitali kumtegemea mtoto kama mkalimani isipokuwa wakati wa dharura, na zikataka mkalimani awe na sifa zinazofaa. Katika sheria zote za lugha za nchi hiyo, hii ndiyo ninayoiona ya kiutu kuliko zote. Hakuna mtoto anayepaswa kuwa wa kwanza kumwambia mama yake kwamba ana saratani.

Kabla ya hapo, tarehe 11 Agosti 2000, Rais Bill Clinton alikuwa ametia saini Amri ya Rais namba 13166. Iliitaka kila idara ya serikali kuu iandike mpango wa kuwahudumia watu wasiojua Kiingereza vizuri, na kila anayepokea fedha zake afanye hivyo pia. Miaka miwili baadaye Wizara ya Sheria ikatoa mwongozo wa kupima wajibu huo: watu hao ni wangapi, wanakuja mara ngapi, huduma ina uzito gani maishani mwao, na ofisi ina uwezo gani. Haikuwa sheria kali. Lakini iliwapa wanasheria wa wahamiaji karatasi ya kuweka mezani, na miji ikaanza kutunga sheria zake. Oakland na San Francisco zilifanya hivyo 2001, New York 2003, Washington 2004. Washington iliiweka idadi chini makusudi, watu 500 au asilimia 3 ya wanaohudumiwa, na hivyo Kiamhari cha Wahabeshi wengi wa jiji hilo kikaingia katika nyaraka rasmi kando ya Kihispania na Kichina. New York, ilipopanua sheria yake mwaka 2017, ilichagua lugha 10 kwa wingi wa wasemaji. Waafrika waliambulia Kifaransa na Kiarabu.

Wakati milango hiyo ikifunguliwa, mmoja ulifungwa, na wengi hawakuusikia. Alabama ilikuwa imetangaza Kiingereza lugha rasmi ya jimbo, na tangu 1991 mtihani wa leseni ya udereva ukawa wa Kiingereza tu. Martha Sandoval, mhamiaji kutoka Mexico, alishtaki kwa kutumia Sehemu ya Sita. Alishinda mara mbili. Kisha tarehe 24 Aprili 2001, majaji watano dhidi ya wanne, Mahakama ya Juu ikampinga. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba mtu binafsi anaweza kushtaki akionyesha alibaguliwa kwa makusudi. Ikiwa utaratibu unamuumiza bila makusudi kuthibitishwa, hana kesi. Jambo hilo ni la serikali kuu kulifuatilia. Na nani huandika kwenye karatasi kwamba amekusudia kubagua? Tangu siku hiyo haki ya lugha ilitegemea utashi wa aliye Washington.

Wakati huo wakimbizi wa Afrika Mashariki na Kongo walianza kuingia kwa wingi. Kwanza walikuja Wabantu wa Somalia, kuanzia 2003, zaidi ya 12,000 kutoka kambi ya Kakuma, Kenya. Ofisi nyingi ziliona neno Somalia kwenye fomu zikawaitia mkalimani wa Kisomali. Wengi wao walisema Kimaay, na wengine Kizigula, lugha ya mababu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanga karne ya 19. Ndugu zao waliokimbilia Tanzania walipewa ardhi na uraia huko Chogo, Handeni, bila ya kuhitaji mkalimani yeyote. Baada yao, kuanzia 2007, wakaja Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kuishi kambini Tanzania. Kisha Wakongo. Mwaka wa fedha wa 2016 walipokelewa zaidi ya 16,000, wengi kuliko taifa jingine lolote mwaka ule, na mwaka wa 2024 karibu 20,000. Walipelekwa Kentucky, Texas, Ohio, Arizona, na hata Iowa, ambako viwanda vya nyama vinataka mikono. Wengi wao, ukiwauliza lugha ya kuitiwa mkalimani, jibu ni moja: Kiswahili.

Serikali haikuwa na pa kuliandika jibu hilo. Katika majedwali makuu ya Idara ya Sensa, watu wa bara zima waliwekwa katika fungu moja lililoitwa lugha za Kiafrika, Kiyoruba na Kiswahili na Kizulu pamoja. Mwaka 2016 ndipo fungu hilo lilipogawanywa, na Kiswahili kikatajwa kwa jina lake pamoja na lugha nyingine za kati, mashariki na kusini mwa Afrika. Wanaotunga sheria hutazama majedwali hayo. Wasiyemwona humo hawamtengei fedha. Kanuni za afya za 2016 ziliagiza kila hospitali itangaze huduma ya ukalimani kwa lugha 15 zinazosemwa zaidi katika jimbo lake, na kwenye matangazo ya Kentucky, chini ya Kihispania, Kichina na Kinepali, palikuwa na mstari ulioandikwa kwa Kirundi, na pembeni yake lugha ikaitwa Kibantu. Mrundi aliufurahia. Mama wa Fizi aliupita.

Kufikia sensa ya 2020 mambo yalikuwa yamesogea: serikali ilitoa maelezo ya kujaza fomu kwa lugha 59, na Kiswahili kilikuwamo, pamoja na Kisomali, Kiamhari, Kitigrinya, Kiyoruba, Kiigbo na Kitwi. Fomu yenyewe, hata hivyo, ilipatikana kwa lugha 12 tu zaidi ya Kiingereza, na hakuna ya Afrika kusini mwa Sahara iliyokuwa miongoni mwake. Mitihani mikuu ya kitaifa ya kuwathibitisha wakalimani wa hospitali kwa kuzungumza nayo ilitungwa kwa Kihispania, Kiarabu na lugha chache za Asia na Ulaya. Anayekalimani Kiswahili hupimwa kwa Kiingereza, na mitihani hiyo haigusi Kiswahili chake.

Tarehe 1 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini Amri ya Rais namba 14224, ikikitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, jambo ambalo hakuna rais aliyelifanya tangu taifa lianze. Amri hiyohiyo ilifuta ile ya Clinton. Haikuzilazimisha idara kuacha huduma zake. Iliziambia ziamue zenyewe. Tarehe 14 Julai Wizara ya Sheria ikatoa waraka wa kuzielekeza zipunguze huduma za lugha nyingi zisizo za lazima, na ikaondoa mwongozo wa 2002. Wakati huo kuwaleta wakimbizi kulikuwa kumekwisha kusimamishwa tangu Januari. Wenye kuitetea amri husema lugha moja hujenga taifa moja na humhimiza mgeni ajifunze. Kujifunza hakuna asiyekutaka. Mama wa Louisville anayefanya zamu ya usiku na kuhudhuria darasa la Kiingereza asubuhi halihitaji himizo hilo. Anahitaji kumwelewa daktari wiki hii, na Kiingereza kitakuja baada ya miaka.

Sehemu ya Sita bado ni sheria, na hukumu ya Lau haijatenguliwa. Sheria ya bima ya afya bado inazibana hospitali, na miji na majimbo yenye sheria zake yanaendelea kuzitekeleza. Lakini kwa uamuzi wa 2001, mtu anayeumizwa na ofisi isiyo na mkalimani, ikiwa hawezi kuthibitisha kusudi, hana njia ya kuitumia Sehemu ya Sita mwenyewe mahakamani. Anayeweza kuitumia kwa niaba yake ni Wizara ya Sheria, ileile iliyoandika waraka wa Julai.